Mvua ikija, italala wapi?

Haya ya mvua na maji ya shamba niliyasema Jumamosi kwa wakulima wa huku kwetu Kasese, magharibi mwa Uganda, chini ya ule mwembe mkubwa upande wa mpakani, na kwa vile tulikuwa mchanganyiko, Wakonzo, Wasongora, ndugu zetu waliovuka kutoka Kongo, hata mwanajeshi mmoja mstaafu wa Gulu aliyeoa huku, nikaongea Kiswahili. Kuna waliofika nimeshamaliza wakaniomba niandike. Nimeandika kama nilivyoongea, na pale watu walipodakia nimeacha hivo hivo.

Wazee wetu, heshima yenu. Mama zangu, poleni na kazi. Vijana mlioegemea bodaboda sogeeni kivulini, sitawauma.

Naanza na jerikeni. Ile ya njano, ya lita 20, hakuna mtu hapa ambaye shingo yake haiijui. Mahindi yakishafika kutoa mbelewele, siku ya jua kali, shamba linakunywa kama milimita 5 za maji kwa siku. Milimita moja kwenye eka moja ni lita 4,000 na kidogo. Kwa hiyo milimita 5 ni lita 20,000, na hizo ukizitia kwenye jerikeni unapata jerikeni 1,000. Eka moja. Siku moja. (Mama mmoja mbele akasema "Yesu!" watu wakacheka.) Mama yangu hata mimi nilisema hivo, nikarudia hesabu mara tatu nikidhani ni simu imeharibika.

Sasa nawaambia ni kwa nini nilikaa usiku kupiga hesabu ya ajabu kama hiyo. Kuna msimu mvua ya Machi ilianza vizuri kabisa, tukapanda wote, mahindi yakafika magotini, ikakata. Wiki ya kwanza tukasema itarudi, ya pili tukasema kuna wingu upande wa Kongo, ya tatu hakuna aliyesema kitu. Mimi nikauza mbuzi wawili na kahawa niliyokuwa nimeiweka kwa ada ya shule nikanunua pampu ya petroli. Muuzaji aliniambia inatoa lita 500 kwa dakika na kweli ilitoa, sina ugomvi naye. Siku ya kwanza nilifurahi mpaka nikapiga picha. Siku ya tatu nafika kijitoni asubuhi nakuta mawe, matope, na kambare mmoja anahangaika kwenye kidimbwi cha ukubwa wa sufuria. Nikapanda na kijito kuelekea juu kutafuta maji yalipoishia, na njiani nikahesabu pampu 11, zote mpya kama yangu, nyingine bado na karatasi ya dukani. Tulikuwa tumenunua pampu watu 12, hakuna aliyekuwa amenunua maji.

Tulikaribia kupigana siku ile, na wengine wenu hapa mlikuwepo na mapanga sitawataja.

Hapo ndo wazee wakasema ni theluji. Manake kwetu mtu ukiuliza mito imekuwaje anakuonyesha kidole kule juu mlimani Rwenzori, Nzururu, yaani ile theluji, imeisha, mito itakufa. Na ni kweli imeisha karibu yote. Yule mwanamfalme wa Kiitaliano, Duke of the Abruzzi, alipopanda Rwenzori mwaka 1906 barafu ilikuwa imefunika kama kilomita za mraba 7 hivi, na walipopima mwaka 2003 ilikuwa imebaki chini ya kilomita moja. Kilele cha Margherita kina mita 5,109 na bado ukibahatika asubuhi unaona weupe kidogo, lakini watoto wetu watakuja kutuuliza kwa nini tulikuwa tunaimba juu ya theluji. Inauma, hasa kwetu ambao Nzururu si barafu tu.

Ila hapa nitawaudhi baadhi yenu. Wataalamu wa maji walipima mto Mubuku wakataka kujua maji yanayotoka kwenye barafu ni kiasi gani cha mto, wakapima kiangazi wakapima na masika. Wakakuta pale chini mlima unapoishia hayafiki hata asilimia 2. Kwenye jerikeni yako moja hiyo ni chini ya gilasi mbili. Kwa hiyo hata theluji yote ikirudi kesho asubuhi, kijito chetu kisingejaa. Maji yetu kwa kweli yanatoka wapi? Yanatoka kwenye mvua inayonyesha mlimani, ambayo ni nyingi sana, inalala kwenye msitu, kwenye vile vinamasi vya juu ambavyo ukikanyaga unazama mpaka goti, kwenye udongo mweusi uliojaa mboji, alafu inatoka polepole, polepole, mpaka Januari bado inatoka. Mto wa kiangazi ni mvua ya masika iliyochelewa kufika. Ikikosa pa kulala, inapita siku ile ile.

Na ndo maana nilitaka tuongee leo, manake kila mkutano ninaoenda swali ni lile lile, mvua itakuja lini, mvua itakuja lini, na mimi nawaambia swali lingine ni baya zaidi: ikija italala wapi?

Kuhusu joto nitaenda haraka, jua linapanda. Hewa ikiwa na joto inabeba mvuke mwingi zaidi, kila nyuzi moja ya Selsiasi ikipanda hewa inaweza kubeba kama asilimia 7 zaidi. Fikiria stendi ya Kasese. Taksi ya watu 14 inajaa upesi inaondoka. Basi la watu 60 utakaa nalo pale mpaka chai ya pili iishe, halijai, lakini likifika kwenu linamwaga watu 60 mlangoni kwa wakati mmoja. Mvua zetu zimehama kutoka taksi kwenda basi. Unasubiri sana, alafu inakuja yote pamoja. Na huku unasubiri, lile joto lenyewe linanyonya udongo na majani, kwa hiyo hata mwaka ambao mvua ukiijumlisha ni ile ile ya zamani, mahindi yako yanaona kiu kuliko mahindi ya baba yako. Watu wa Katwe wanaovuna chumvi wanalijua hili kwa upande wa pili, wao jua ndo mshahara, mvua kubwa moja ikiingia kwenye visima vyao vya chumvi kazi ya wiki nyingi imeyeyuka.

Mei 2020 hakuna wa kuhadithiwa. Mito ya Nyamwamba, Mubuku, Nyamugasani, Lhubiriha, yote ilivunja kingo, hospitali ya Kilembe ikaharibiwa, na ilikuwa imeshapigwa Mei 2013 pia. Mawe makubwa kama ng'ombe yalikaa kwenye mashamba ya watu na mengine mpaka leo yamekaa. Na Nyamwamba haileti maji matupu, inapita kwenye mabaki ya mgodi wa shaba, ule uliofanya kazi tangu 1956 mpaka 1982, inabomoa na kubeba, kwa hiyo shamba lililofunikwa na tope lile si la kushangilia rutuba, kuna mahali hata nyasi zinakataa. Mwezi huo huo Ziwa Victoria lilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likapita rekodi ya 1964 ya 13.41. Maji kila mahali. Alafu nenda 2022, Karamoja watu wanakufa njaa kwa ukame, na mwisho wa Julai mwaka huo huo Mbale mji mzima mafuriko. Nchi moja, Karamoja na Mbale si mbali kihivyo. Mtu akikuambia Uganda ina maji mengi au Uganda ina ukame, mwulize saa ngapi.

Sasa angalieni hapa mezani. (Nilikuwa nimekata chupa mbili za maji, zile kubwa, nimezilaza, nimetoboa mdomo, chini ya kila moja nimeweka gilasi. Udongo ni wa shamba moja. Chupa ya kwanza udongo uko uchi, ya pili nimeufunika kwa majani makavu ya migomba, na nimeacha mizizi iliyokuwemo.) Kijana njoo umwage, kikombe kimoja kila chupa, kwa kasi ile ile. Mnaona? Hii ya kwanza imeshatoka yote, na rangi yake ni chai ya maziwa. Huo ni udongo wako unaokwenda ziwani kuwalisha viboko. Hii ya pili bado, subirini. Haya, imeanza, tone, tone, na ni maji unayoweza kunawa uso. Tuiache hapo itone, tuendelee.

Mama mmoja akauliza, "Hiyo kwenye chupa sawa, lakini kwangu majani nikiweka mbuzi wanakula, yakibaki mchwa wanakula, na kuni je?"

Ahsante mama, hilo ndo swali ambalo watu wa semina hulikimbia. Mimi sikudanganyi, mbuzi nimeshindwa nao mpaka tulipokubaliana kijiji kizima kufunga mbuzi msimu wa mazao, na mwenyekiti wa LC1, ile halmashauri ya kijiji, akaweka faini. Mchwa wanakula kweli, ila wakikuta majani makavu mengi wanahangaika na hayo wanaacha mahindi, na mashimo yao yanaingiza maji chini, kwangu mimi nimewasamehe. Kuni sina jibu zuri. Kwenye migomba na kahawa matandazo ni rahisi, kwenye mahindi ni taabu, mwaka mwingine nafanikiwa nusu shamba tu, na ile nusu jua likiwa kali unaitambua kutoka barabarani.

Mkumbuke hesabu ya jerikeni. Mvua moja ya milimita 20, ambayo ni mvua ya kawaida ya jioni, inashusha kwenye eka yako jerikeni zaidi ya 4,000. Bure, bila petroli. Hizo ni siku nne za kunywa za mahindi yanayotoa mbelewele, na yakiwa madogo ni nyingi zaidi. Mimi nilitoa mbuzi wawili ninunue pampu ya kuvuta maji kutoka kijitoni yapande mlima, wakati maji yale yale yalikuwa yamepita shambani kwangu wiki chache kabla yakishuka kuelekea kijitoni. Nikifikiria hilo nacheka peke yangu shambani mpaka mke wangu anauliza nina nini.

Kwa hiyo nikachimba mitaro. Kuna ule mtindo wa kuchimba mtaro unaokata mteremko, udongo unautupa upande wa juu, unaota nyasi, baada ya miaka inakuwa ngazi. Unaitwa fanya juu, ulianzia Machakos huko Kenya, na kinachonifurahisha ni kwamba hata Wazungu kwenye vitabu vyao wanaandika "fanya juu", walikosa jina lao wakachukua letu. Mimi wa kwanza nilichimba kwa macho. Nilisimama, nikafumba jicho moja kama fundi, nikasema hapa ni sawa. Haikuwa sawa. Upande mmoja ulikuwa chini kidogo, ukijaa maji yote yanakimbilia huko, na usiku wa mvua kubwa mtaro ukapasuka pale ukaenda moja kwa moja kwenye maharage ya jirani yangu, mama mjane, ukayachana katikati kama barabara mpya. Nililipa debe mbili. Yuko hapa leo, simtaji, na debe zenyewe aliniambia hazikujaa. (Watu wote wakageuka kumtazama, basi nikawa nimemtaja.)

Kipimo ni hiki hapa, nimekuja nacho. Fito mbili za mita mbili zimefungwa pamoja juu, miguu imepanuka kama mtu aliyesimama kwa hasira, katikati fito fupi ya kukingama, na kutoka juu kamba yenye jiwe inaning'inia. Unasimamisha, unatia alama pale kamba inapogusa ile fito ya kukingama, unageuza miguu, unatia alama tena, katikati ya alama mbili ndo usawa. Alafu unatembea nayo kukata mteremko, mguu mmoja ukikaa, wa pili unautafutia mahali mpaka kamba ije kwenye ile alama ya katikati, unapigilia kijiti, unaendelea. Mtoto wa darasa la tano anaweza, na huwa wanaweza kuliko sisi manake wanaheshimu alama, sisi tunajifanya tunajua.

Bwawa la nyumbani la turubai nalo ni zuri lakini jueni linakunywewa na jua pia, mwezi wa kiangazi linaweza kushuka sentimita 15 hujachota hata kikombe, kwa hiyo chimba refu kwenda chini usichimbe pana kama uwanja. Na maji ya bati ni ya kitalu, nyanya na sukuma za nyumbani: nyumba ya mita 6 kwa 8, mvua ile ile ya milimita 20, unapata jerikeni 48. Si haba, ila si ya eka ya mahindi.

Kijana mmoja akadakia: "Kwani serikali isituchimbie mifereji kama ya Mubuku?"

Iombeni, mimi nitatia sahihi wa kwanza. Mubuku wana mifereji tangu miaka ya 1960, wanakunywa mito ya Sebwe na Mubuku, na ukipita pale Februari ukaona mahindi ya mbegu yamesimama kijani na huku kwetu vumbi, wivu unakushika. Lakini mfereji unachota mto, na mto wa Februari ni nini? Tumeshasema. Ukifyeka msitu kule mlimani juu, mfereji wa saruji utabeba hewa.

Vinamasi navyo nigusie, ingawa najua hapa kila mtu ataangalia chini. Mwaka 1994 vinamasi vilikuwa asilimia 15.6 ya nchi yetu. Miaka 25 baadaye vilivyobaki vizima vilikuwa kama asilimia 9. Mimi mwenyewe nimelima magimbi kwenye kinamasi miaka minne, sijifichi, nilikata mtaro wa kutoa maji nikashangilia udongo mweusi ule. Msimu wa tatu kisima cha chini kikaanza kukauka Desemba, wakina mama wakawa wanaamka saa kumi usiku kupanga jerikeni, na hakuna aliyeniunganisha mimi na kisima kile ila mimi mwenyewe. Nimeuziba ule mtaro. Kisima hakijarudi kama zamani, kimerudi nusu. Sheria inasema mita 30 kutoka kwenye mto mdogo usiguse, na mita 100 kwenye ile mito mikubwa iliyotajwa. Najua mtasema mbona wenye hela wanajaza kinamasi udongo wanajenga na hakuna anayewagusa. Ni kweli na inaudhi, na wale nao wakipelekwa mbele ya sheria nitakuja kushangilia. Lakini kisima cha hapa hakikukaushwa na tajiri wa Kampala, kilikaushwa na mimi.

Redio. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa msimu kabla mvua haijaanza, na sa hizi wanautafsiri kwa lugha nyingi za kwetu. Watu husikia "mvua itakuwa zaidi ya kawaida" wanapanda mvua ya kwanza tu, alafu inakata siku kumi mbegu zinaoza au panya wanafukua. Zaidi ya kawaida ni ya msimu mzima na eneo zima, haikuahidi shamba lako Jumanne. Mimi sa hizi mvua ya kwanza naiita ya kuosha majani. Nachimba na panga, unyevu ukiwa haujafika urefu wa kiganja na nusu sipandi, hata kama jirani ameshapanda na ananicheka.

Na ile vita ya pampu iliishaje, wengine mnauliza. Iliisha kwa daftari. Wa juu siku mbili, wa katikati mbili, wa chini mbili, siku ya saba pampu zote zinalala kijito kipumue. Saa sita mchana ni ya ng'ombe wa Wasongora, hakuna pampu hata kama ni zamu yako, manake ng'ombe hasomi daftari. Anayeiba zamu anakosa inayofuata. Imevunjwa mara nyingi, nami nimeivunja mara moja usiku nikashikwa na mama mkwe wangu mwenyewe. Lakini mwaka jana kiangazi kambare walikaa kijitoni mpaka mvua ikarudi.

Mzee wa nyuma pale amenyoosha mkono muda mrefu. "Sisi tulijua mvua kwa ndege na kwa upepo wa ziwani," akasema, "sasa ndege anaimba na mvua haiji. Ndege amekuwa mwongo?"

Mzee wangu, ndege hajawa mwongo, naye amechanganyikiwa kama sisi.

Nimalize, chakula kimeiva nanusa. Alhamisi saa mbili asubuhi tunaanza mitaro, watu ishirini wakija tunamaliza mteremko mmoja kwa siku. Kila mtu aje na jembe, na kila nyumba tano walete fito mbili, kamba na jiwe. Pampu acheni nyumbani. Tutaanza na shamba la mama yangu jirani, manake deni langu kwake bado.

Akajibu kutoka kule kule alikokaa bila kusimama: "Uje na mbegu ya maharage. Debe zijae safari hii."